Koti la Sukari

Wiki iliyopita, muuzaji wa duka la dawa pale Umoja aliniuliza kama glukosi ninayonunua ni ya mtoto au ya mtu mzima. Lilikuwa swali la kawaida, lakini nilibabaika kama mtu aliyekutwa ndani ya nyumba isiyo yake. Nikasema ni ya nyumbani. Yeye akashusha mkebe kutoka rafu ya juu, akaupangusa vumbi kwa kiganja, akanipa. Nilipofika nje, karibu na mama anayekaanga viazi karai, nilifanya jambo ambalo mwanamke wa umri wangu, mwenye shahada mbili na miwani ya kusomea, hafai kulifanya hadharani. Niliubandua mfuniko kwa ukucha, nikachovya kidole, nikalamba.

Ninyi mliokua enzi zetu mnaujua ubaridi ule. Sukari ya chai hukwaruza ulimi kabla ya kuyeyuka. Glukosi haikwaruzi. Hutua kama unga, kisha hupoa ghafla, kana kwamba mtu amekupulizia kinywani, halafu hutoweka na kukuacha ukitaka nyingine. Kwetu ilikuwa dawa, na kwa kuwa ilikuwa dawa ilikuwa ya mgonjwa, na mgonjwa nyumbani kwetu alikuwa mmoja.

Kaka yangu Wekesa alinizidi miaka miwili, lakini mimi nilimzidi kimo. Tuliishi Makongeni, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, vyumba viwili vyenye sakafu nyekundu ambayo Mama aliing'arisha kila Jumamosi mpaka wageni wakawa wanaingia kwa tahadhari, wameshika ukuta. Baba alikuwa karani katika ofisi za reli. Alitoka asubuhi na tai shingoni, akarudi jioni na tai ile ile mfukoni. Wekesa alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa chembe za damu, ingawa jina hilo sikulisikia utotoni. Sisi tuliiita homa ya mifupa. Ilimjia bila kubisha hodi, hasa miezi ya baridi: leo yuko uwanjani anabishana kuhusu bao, kesho amejikunja kitandani akiuma ncha ya blanketi ili asilie. Macho yake yalikuwa na umanjano, na watoto wa mtaa walimwita Njano. Aliitika. Aliwaambia hayo ni macho ya simba, na kwamba simba hachezi kama golikipa, kwa hivyo wasimweke golini.

Mkebe wake wa glukosi ulikaa juu ya kabati la vyombo, nyuma ya birika la wageni. Nilikatazwa kuugusa, na niliugusa karibu kila siku. Nilikuwa mwizi makini. Nilipanda kigoda, nikachota kijiko kimoja, kisha nikausawazisha unga uliobaki kwa mgongo wa kijiko ili Mama asione shimo. Kimo cha unga kilipoanza kushuka kupita kiasi, nilijazia kidogo kwa unga wa ngano. Wekesa akawa anakunywa glukosi yenye mabonge, na mara moja nilimsikia akimwambia Mama kwamba dawa za siku hizi si kama za zamani. Alikuwa na miaka kumi.

Mlango wa pili kutoka kwetu waliishi Mama Rehema na mumewe, Mzee Bakari, watu wa Mombasa. Mzee Bakari alikuwa fundi wa injini katika karakana ya reli, mtu mnene, mpole, aliyenukia grisi na karafuu. Mwezi wa Ramadhani, jua likikaribia kuzama, sahani ya kaimati ilivuka ua kuja kwetu. Wale wasiozijua: ni matonge madogo ya unga yaliyokaangwa yakavimba, kisha yakavingirishwa kwenye shira nzito mpaka kila moja likavaa ganda la sukari linalong'aa. Ukiliuma, nje linavunjika, ndani ni laini na halina utamu wowote. Utamu wote uko kwenye ganda. Sahani yenyewe ilikuwa nyeupe, yenye maua ya buluu ukingoni, na haikurudi kwao tupu. Mama aliirudisha na njugu za kuchemsha, au chapati, au viazi vitamu vikija kutoka nyumbani. Hivyo ndivyo sahani ile ilivyokaa miaka mingi, nusu kwao na nusu kwetu, hata sikumbuki ilikuwa ya nani.

Msimu mmoja wa baridi Wekesa alishikwa vibaya. Haikuwa mifupa pekee. Midomo yake ilipauka, viganja vyake vikawa vyeupe kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima, na alipopumua tumbo lilifanya kazi ambayo kifua kilishindwa kuifanya. Hospitalini walisema anahitaji damu, na kama ilivyo kawaida ya hospitali zetu, wakawaambia wazazi walete watu wa kuitoa. Mama alikuwa dhaifu, alikuwa amepoteza mimba miezi michache kabla, wakamwambia yeye asitoe. Baba alikwisha kunja mkono wa shati kabla hajaulizwa.

Kwanza walitudunga vidole wote, nami pia, ili wajue nani ana nini. Mtu wa maabara alikuwa kijana mwenye koti jeupe lililokosa kifungo cha katikati, na alipenda sana kueleza. Nadhani moyoni alitaka kuwa mwalimu. Aliporudi na majibu yake alimwambia Baba kwamba damu yake haiwezi kumwingia mwanawe. Baba akauliza kwa nini, na sauti yake haikuwa ya karani.

"Damu ina chembe, mzee, na kila chembe imevaa koti," kijana alisema, akiishika kola yake ili tuelewe. "Juu ya koti kuna sukari. Koti lako lina sukari moja ya ziada, na huyu msichana wako anayo vilevile. La kijana halina. Tukimtilia yenu, mwili wake utaiona ile sukari, useme hawa ni wageni, uwapige. Tutamuua tukidhani tunamsaidia."

Kisha akamwita Baba ndani, akafunga mlango. Walikaa kitambo. Baba alipotoka alikuwa ameshusha mkono wa shati na kufunga tai yake upya, imebana kooni.

Mimi nilibaki kwenye benchi na kipande cha pamba kidoleni, nikifikiri. Nilikuwa na miaka minane, na hoja yangu ilikuwa imenyooka kuliko nyingi nilizoandika baadaye. Glukosi ni sukari. Ilinunuliwa ili iingie kwenye damu ya Wekesa. Niliila mimi. Sasa damu yangu ina sukari juu yake, na ya Wekesa haina. Nilizifumba kope nikaziona chembe zangu, kaimati tupu, zinang'aa, zimejaa shira, zinabingirika mwilini mwangu kwa maringo. Halafu nikaziona zake, matonge makavu ambayo Mama Rehema alisahau kuyavingirisha. Kuhusu Baba sikupata tabu. Chai yake ilikuwa sharubati, na Mama alilalamika kila siku juu ya sukari anayoimaliza. Baba alijipatia yake kihalali. Mimi niliivua ya kaka yangu mwilini mwake, nikaivaa.

Mzee Bakari alikuja jioni ile ile akiwa bado na mavazi ya kazi. Wakamdunga kidole, na yule kijana akatangaza, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, kwamba koti la mzee halina sukari ya ziada hata moja, linamfaa mtoto kabisa. Mzee Bakari akasema bismillahi, akalala, akatoa. Kesho yake viganja vya Wekesa vilikuwa vimeanza kurudiwa na rangi. Kesho kutwa aliniambia kwa sauti ya chini, ili muuguzi asisikie, "Manze, mimi sasa nusu wa Mombasa. Waambie sitaki uji. Waniletee mahamri." Nilicheka mpaka nikalia, na Mama akadhani nalia kwa furaha.

Kama habari ingeishia hapo ningekuwa nimebakiwa na kosa la glukosi tu, jambo dogo, la kusimulia kwenye harusi. Lakini Shangazi akaja.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa Baba. Mama yao alifariki Baba akiwa bado ananyonya, na ni yeye aliyemlea, akaacha shule ili mdogo wake aende. Alishuka kwenye gari moshi kutoka Bungoma na kuku mmoja kwapani, akaja kumwona mgonjwa, ambaye kufikia wakati huo alikuwa amerudi nyumbani na anadai mahamri. Shangazi alitaka kuelezwa kila kitu tangu mwanzo. Nani alitoa damu? Jirani. Na Baba je? Alikataliwa. Akauliza tena, polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye nguo. Kisha hakuuliza zaidi mpaka jioni, Wekesa alipolala.

Nakumbuka kila mmoja alipokuwa. Mama alikuwa jikoni, yaani pembeni mwa chumba, anasonga ugali juu ya stovu ya mafuta ya taa. Baba alikuwa mezani na gazeti. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu, kile kile cha wizi, mgongo wangu ukigusa kabati. Shangazi alikaa kitini akafungua kilemba chake na kukifunga tena.

"Damu ya baba imemkataa mtoto," alisema. "Ya jirani imemkubali. Mimi sikusoma, ndugu yangu, lakini hilo halihitaji shule."

Mwiko haukusimama. Nilimtazama Mama mgongoni, na mabega yake yaliendelea kugeuza ugali kama kawaida, ila ugali wenyewe ulikuwa umeiva zamani. Mwishowe akasema, bila kugeuka, "Baba Wekesa, unasikia?"

Baba akafungua ukurasa mwingine.

Ndipo Shangazi akaniita. Akanishika kidevu kwa mkono wake mkavu, akaniinua uso kwenye mwanga wa balbu. "Hii ndiyo damu yetu," akasema. "Huyu hakuna wa kumuuliza." Na kuanzia hapo hakumwita tena ndugu yake Baba Wekesa. Alimwita kwa jina langu mimi, baba wa msichana, kana kwamba Wekesa hakuwahi kuzaliwa kwanza. Mara ya kwanza alipoita hivyo ilikuwa akiomba chumvi. Baba aliitika, akampa chumvi.

Sasa nifikirieni. Mimi, peke yangu katika chumba kile, nilijua kwa nini damu ya Wekesa haikufanana na ya Baba. Nilikuwa na jibu. Lilikuwa jibu la upuuzi mtupu, lakini sikujua kwamba ni la upuuzi. Nililiamini kama nilivyoamini kwamba gari moshi hufika Kisumu. Ningesema maneno manne tu, mimi ndiye niliyekula glukosi, na, kwa nilivyoelewa dunia, Mama angetoka kizimbani papo hapo. Nilinyamaza. Miaka mingi nilijiambia kwamba niliogopa fimbo. Si kweli kabisa. Mama alikuwa na mkono mwepesi, na fimbo zake nilizizoea. Ukweli ni kwamba nilipenda kushikwa kidevu. Katika nyumba ambayo kila kitu kizuri kilikuwa cha mgonjwa, mtu alikuwa amenichagua.

Kuta za Makongeni hazikuficha kitu. Asubuhi yake, kwenye foleni ya mfereji, Mama Rehema alimsogelea Mama, ndoo mkononi, akazungumza kwa ile sauti yake ya taratibu ambayo hata ikilaumu inasikika kama inakaribisha. "Mama Wekesa, mwenzangu," alisema, "mume wangu alitoa damu. Hakutoa kingine. Lakini mwenye nyumba mwenyewe akinyamaza, sisi majirani tutasema nini?" Mama alikuwa ameshika ndoo kwa mikono miwili, na maji yalikuwa yamejaa, yanamwagika miguuni mwake, naye hayaoni.

Mama Rehema hakugombana nasi. Ingekuwa afadhali angegombana. Alijitenga kwa heshima zote, ili mtu asiseme nyumba ile na ile zina jambo. Ramadhani iliyofuata sahani haikuvuka ua, na haingeweza kuvuka, kwa sababu ilikuwa kwetu. Ilikuwa zamu yetu kuirudisha. Mama aliitoa kabatini mara kadhaa, akaiosha ingawa ilikuwa safi, akairudisha. Mwanamke ambaye mdomo wa wifi yake umemtaja na mume wa jirani hapeleki sahani mlangoni kwa jirani huyo. Mzee Bakari aliacha kumsalimia Wekesa kwa jina la utani. Wekesa ndiye aliyeumia zaidi kwa hilo, na ndiye pekee ambaye hakuelezwa kwa nini.

Mimi nilijitengenezea adhabu yangu. Niliacha sukari. Chai yangu niliinywa chungu, na fungu langu nikalitia kisirisiri kwenye kikombe cha Wekesa, nikisubiri koti langu liishiwe sukari na lake lijae, ili siku moja wadungwe tena yeye na Baba waonekane sawa. Kila wiki niliyachunguza macho yake kama umanjano umepungua. Alivumilia mpaka akachoka. "Wewe," aliniambia, "unataka kuniua na sukari? Mwambie Mathe, huyu msichana ana mpango." Sikumwambia Mama, wala yeye, mpango wangu. Mkebe sikuugusa tena, na glukosi yake ikaacha kuwa na mabonge, akasema wameirekebisha.

Kisha Mzee Bakari akastaafu. Lori lilikuja asubuhi likapakia makabati yao, kitanda, mbuzi ya kukunia nazi. Mama Rehema alipita nyumba zote kuaga, na kwetu alisimama nje, akasema kwaheri kutoka ngazini. Mama alikuwa nyuma ya mlango. Nilikuwa karibu naye na niliona kwamba ameshika sahani ya maua ya buluu, juu yake njugu zilizochemshwa bado za moto, mvuke unampanda usoni. Alisikia lori likiwashwa. Alisikia likiondoka. Njugu zile tulizila sisi, wala hakuna aliyezisifu.

Nilikwenda chuo kikuu kusoma elimu ya viumbe. Watu waliniuliza kwa nini, nami niliwapa majibu ya kifahari. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafuatilia kesi yangu. Mhadhiri wetu, mwanamke mfupi aliyeandika ubaoni kwa herufi kubwa kama anayeandikia watu walio ng'ambo ya mto, alituchorea seli, akatumia wiki nzima kwenye mpaka wake tu. Alisema wanafunzi hukimbilia ndani, kwenye kiini, wakidhani ndiko mambo yaliko, na wanaipita ngozi kama mtu anavyopita mlango. Alisema ngozi hiyo ni utando mwembamba wa mafuta, tabaka mbili zilizogeuziana migongo, na ndani yake protini zimesimama kama mabawabu. Maji yanapita kwa njia yake, chumvi kwa yake, sukari ya chakula nayo inavushwa kwa mlango wake, inaingia kuliwa. Mimea imejiongezea ukuta mgumu nje ya utando huo. Sisi hatuna ukuta. Sisi tunao utando laini tu, na seli yetu inaishi mradi utando huo unajua kipi kiingie, kipi kitoke na kipi kibaki ndani. Ukitoboka, kila kitu kinamwagika.

Halafu akafika kwenye sukari. Nje ya utando, alisema, kuna kichaka cha sukari kilichopandwa juu ya protini na mafuta, na hicho ndicho seli nyingine zinachokigusa kwanza. Ni kama jina na salamu. Na sukari hiyo, wanafunzi wangu, haihusiani na mnachokula. Seli huijenga yenyewe kwa maagizo aliyoyarithi mtu kwa wazazi wake. Unaweza kulamba gunia zima, koti lako halitaongezeka chembe. Baba mwenye sukari ile ya ziada anaweza kabisa kuzaa mtoto asiye nayo na mtoto aliye nayo, tumbo moja, baba mmoja. Ni jambo la kila siku.

Darasa liliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Mtu akiachiliwa na mahakama hufurahi, lakini mimi nilihisi kama aliyeambiwa kwamba kesi yake haikuwahi kuandikishwa. Sikuiba koti la mtu. Bado nilikuwa nimenyamaza, na kunyamaza kule hakukupungua hata punje kwa kuwa nilichokinyamazia hakikuwa kweli.

Likizo ilipofika nilikwenda moja kwa moja Makongeni. Baba alikuwa amebakiza miezi michache kazini. Nilimkuta ngazini anapiga viatu rangi, nikakaa kando yake, nikamweleza yote: utando, sukari, urithi, yeye, Mama, Wekesa. Nilieleza vizuri sana. Nilijisikia kama wakili. Nilipomaliza aliendelea kusugua ncha ya kiatu.

"Nilijua," alisema.

Nikamuuliza tangu lini.

"Siku ile ile. Yule kijana alinifungia mlango akanieleza. Akaniambia na ugonjwa wenyewe haumpati mtoto bila kutoka pande zote mbili." Akageuza kiatu. "Nusu ilikuwa yangu. Kama Wekesa hakuwa wangu, homa ile angeipata wapi?"

Kwa hiyo homa yenyewe ilikuwa shahidi wa Mama, na shahidi huyo alikuwa amefungiwa mfukoni pamoja na tai. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alisema ni dada yake aliyemlea, na alikuwa akiijivunia damu yao mbele ya watu, na angemwambiaje kwamba ugonjwa uko ndani ya damu hiyo. Alisema alidhani maneno yangepita yenyewe. Kisha akanitazama, bila ubaya wowote, kama mtu anayekumbuka hali ya hewa.

"Na wewe ulifurahi," alisema. "Alipokushika kidevu, ulicheka."

Mwaka uliofuata niliacha elimu ya viumbe nikahamia fasihi, ambako mtu anaruhusiwa kukaa na makosa yake na hata kupandishwa cheo kwa ajili yake. Baba alifariki miaka mingi baadaye, akiwa amelala. Shangazi alimtangulia. Wekesa yupo, simba mzee mwenye mvi, anatengeneza simu Umoja katika nyumba ambayo ameiongezea ghorofa kila alipopata nafuu, na ghorofa ya kwanza anaishi Mama.

Huko ndiko nilikopeleka mkebe. Mama alikuwa anatoka kwenye homa ya matumbo, amekonda, na daktari alisema anywe glukosi. Nilikoroga kikombe. Nilipotafuta cha kukiwekea nikaikuta, kabatini, nyuma ya birika la wageni: sahani nyeupe ya maua ya buluu. Imehama nasi mara tatu, na hakuna aliyewahi kuipakulia chakula. Niliweka kikombe juu yake nikampelekea.

Sijui ni ubaridi ule wa glukosi au ni sahani. Nilimwambia. Nilimwambia habari ya kigoda, mgongo wa kijiko, unga wa ngano, kaimati zilizokuwa zinabingirika mwilini mwangu, na chai chungu. Nilimwambia kwamba jioni ile nilidhani najua sababu na nikaimeza. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. "Unga wa ngano," alisema. "Na mimi nikaenda dukani kumgombeza mtu wa watu." Akafuta macho kwa ncha ya leso. Alinishika mkono, akaupapasa, na kwa dakika moja nilijiona mwepesi kuliko nilivyowahi kuwa tangu utoto.

Kisha akauliza, akiwa anatazama sahani. "Baba Wekesa," alisema, maana yeye hajawahi kumwita kwa jina lingine, "unafikiri aliwahi kuyaamini yale maneno?"

Swali hilo lilikuwa na milango miwili, na nilikuwa na ufunguo wa yote. Nilichagua kile kipande cha ukweli ambacho niliona kinaweza kumwingia bila kumjeruhi, na hicho kingine nikakizuia ndani. Nilijipongeza hata kwa kuchagua vizuri.

"Hapana, Mama," nikasema. "Hakuyaamini hata siku moja."

Chini, Wekesa alikuwa anamwambia mteja kwamba kioo chake hakiponi, anunue kingine. Mama alinywa glukosi yote, akarudisha kikombe juu ya sahani, akakiweka katikati kabisa ya maua.

"Heri angeyaamini," alisema.

Akageukia dirisha. Nikainuka kuufunga mkebe, nikautafuta mfuniko mezani, chini ya kitanda, kwenye mikunjo ya blanketi, nikautafuta kwa muda mrefu sana, nao ulikuwa mkononi mwangu.